Mpaka wa Umri: Huduma kwa Watu Wenye Usonji Nchini Uingereza, 1962–2021

Huduma kwa watu wenye usonji nchini Uingereza zilianza kwa mtoto, na kwa miongo kadhaa zikamwacha nje mtu mzima. Chanzo kimoja ni namna hali hiyo ilivyofahamika mwanzoni. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto huko Baltimore, Marekani, alieleza hali ya watoto 11. Tangu hapo usonji ukachukuliwa kuwa jambo la utotoni.

Nchini Uingereza, katika kipindi hicho, mtoto aliyeamuliwa kuwa hafundishiki aliondolewa katika mfumo wa elimu na kukabidhiwa mamlaka za afya. Mwaka 1962 wazazi, akiwamo daktari wa akili Lorna Wing, waliunda chama jijini London. Mwaka 1965 chama hicho kikafungua shule eneo la Ealing, ikiongozwa na mwalimu Sybil Elgar. Sheria ya elimu ya mwaka 1970 ilifuta kundi la wasiofundishika, na kila mtoto akapata haki ya kusoma.

Hata hivyo, shule ina mwisho wake. Wanafunzi walipokaribia utu uzima, chama kilifungua makazi ya Somerset Court mwaka 1974. Aidha, utafiti wa Wing na Judith Gould uliofanyika Camberwell na kuchapishwa mwaka 1979 ulipanua dhana ya usonji kuliko maelezo ya Kanner. Dhana ilipanuka, lakini milango ya huduma haikuongezeka: idara moja ilishughulikia ulemavu wa akili, nyingine magonjwa ya akili. Mtu mzima mwenye usonji asiyekuwa na lolote kati ya hayo mawili alikataliwa kote.

Sheria ya Usonji ya mwaka 2009 ililenga pengo hilo. Iliilazimu serikali kutoa mkakati wa watu wazima, uliochapishwa mwaka 2010, pamoja na mwongozo kwa halmashauri na taasisi za afya. Haikumpa mtu binafsi haki ya kudai huduma mahususi. Mkakati wa mwaka 2021 ndio uliowajumuisha watoto na watu wazima katika mpango mmoja.

Kutoka shule ya Ealing hadi sheria hiyo ilipita miaka 44. Katika muda huo usonji haukukoma mtu alipofikia utu uzima. Kilichokoma ni wajibu wa idara. Kwa hiyo, mpaka wa umri ulichorwa na utawala, si na hali yenyewe.