Bonsai katika Mwambao wa Luanda Kotieno

Bonsai ni sanaa ya kuotesha mti wa kawaida ndani ya chombo kisicho na kina, ukapogolewa matawi na mizizi hata kimo chake kikabaki kidogo ilhali umbo lake ni la mti mzee; mbegu ya mkwaju umpao msafiri kivuli njiani ndiyo hiyo hiyo ipandwayo chunguni. Asili yake ni China, ambako michoro ya kaburi la mwana wa mfalme Zhanghuai, ya mwaka 706, yaonyesha watumishi wamebeba mimea siniani. Kisha Wajapani wakaipokea na kuitungia kanuni.

Luanda Kotieno, gati ya Rarieda katika Kaunti ya Siaya ambako feri huvukia Mbita, ipo kando ya Ziwa Viktoria, lenye mwinuko wa takriban mita 1,134, na haijui majira ya baridi kali. Kwa hiyo misonobari ya Japani, ihitajiyo baridi ili ipumzike, haiwi chaguo la busara hapa. Mtunzaji wa mwambao huu atazame miti ya kwao. Mbuzi walao machipukizi kila siku huuacha mti mfupi wenye shina nene, na atakaye kujifunza kupogoa hatapata ustadhi aliye karibu zaidi.

Mkwaju una vijani vidogo, nao huvumilia kupogolewa. Mkuyu majani yake ni mapana mno, lakini jamaa zake wenye majani madogo wafaa sana, kwani hutoa mizizi ya hewani. Mgunga ndio wenye taabu, kwa miiba yake na kwa mzizi mkuu usiopenda kukatwa kwa pupa; hata hivyo taji lake lililotandaa kama mwavuli ndilo umbo la Afrika khasa, na Charles Ceronio wa Afrika Kusini ameyaandikia maumbo ya namna hii kwa heshima yastahiliyo.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa tambarare ya Kano, hushika maji ukaisonga mizizi, na wakati wa kiangazi hupasuka. Sharti uachwe, utumike mchanga wa chengachenga, vipande vya matofali na mboji kidogo. Chombo kiwe na matundu, khasa kwa ajili ya masika ya Machi hadi Mei, na mwanzo wa mvua hizo ndio wakati mwema wa kupunguza mizizi, kila baada ya miaka 2 au 3. Katika jua la Januari na Februari mti huenda ukataka maji asubuhi na jioni. Waya wa shaba au alumini, ufungwao kulielekeza tawi, ukaguliwe mara kwa mara, maana mti usiolala huvimba upesi ukajeruhiwa gome.

Uvumilivu una ushahidi: msonobari wa jamaa ya Yamaki, ulioanza kutunzwa mwaka 1625, ulisalimika na bomu la Hiroshima la 1945, ukatunukiwa Marekani 1976. Anayeanza leo na apande mbegu, wala asing'oe mti wa shamba la mwenziwe bila idhini.