Filamu ya Vita na Meli Yetu ya Kigoma

Sisi tuliokulia Kigoma tuliijua meli ya Liemba kabla hatujajua sinema. Ndiyo maana kila nitazamapo The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951, macho yangu huwaacha Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, yakaitafuta Louisa, manowari ya Wajerumani.

Chimbuko la Louisa ni meli ya kweli, Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma kwa reli. Huko iliungwa upya na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915.

Katika filamu meli inazama kwa mlipuko. Kwa kweli Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isitekwe, wakiwa wamekwisha kuzipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ikabeba abiria, shehena, hata wakimbizi.

Kinachoniuma katika filamu hiyo ni watu wetu. Wanakijiji wanachomewa nyumba mwanzoni, kisha hadithi inawasahau. Wapagazi waliobeba risasi na chakula katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, hawakupewa nafasi.

Hata hivyo, filamu hii inastahili kutazamwa tena. Itazameni na watoto wenu, kisha wasimulieni habari za wapagazi, kwa kuwa filamu haikuzisimulia.