Kombe la Daktari wa Davos

Davos ni mji wa milimani nchini Uswisi, kiasi cha mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, na uliokuza jina lake kwanza ni ugonjwa. Alexander Spengler, daktari Mjerumani aliyekimbilia Uswisi baada ya mapinduzi ya 1848 na 1849 kuzimwa, ndiye aliyeeneza habari kwamba hewa ya huko inawafaa wenye kifua kikuu. Wagonjwa wakaja kutoka kila pembe ya Ulaya, wakawa wanalazwa kwenye roshani, wamejifunika mablanketi, wakivuta baridi kavu. Mwanawe Carl, daktari naye, ndiye aliyetoa Kombe la Spengler la hoki ya barafuni mwaka 1923.

Vita Kuu ilikuwa imekwisha miaka mitano tu nyuma. Shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni lilikuwa limeifukuza Ujerumani mwaka 1920, na halikuirudisha hadi 1926. Dk. Spengler hakungoja. Alitaka waliolengana bunduki juzi wakutane barafuni na magongo mikononi. Kombe la kwanza lilichukuliwa na wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakisoma Oxford, Uingereza. La pili, 1924, likaenda Berlin. Kwangu mimi hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi: vijana waliofungiwa milango kwingine walikaribishwa, wakacheza, wakashinda, wakakabidhiwa kombe lao hadharani.

Kwa miaka mingi mechi zilichezwa nje, kweupe. Theluji ikizidi, mchezo ulisimama barafu ifagiliwe, maana kile kisahani cheusi cha mpira mgumu hakitelezi penye theluji. Ukumbi wenye paa kubwa la mbao ulijengwa mwaka 1979. Kanada, yenye wachezaji wengi katika ligi za Ulaya, ikaja kutwaa kombe mwaka 1984 na haijaacha kurudi kila Krismasi ikipita.

Vita Kuu ya Pili ilizuia mashindano mwaka 1939 na 1940. Korona iliyafuta 2020, kisha tena 2021, siku chache tu kabla ya kuanza. Inauma kufikiri kwamba mji uliolelewa na ugonjwa wa mapafu ulifungiwa uwanja na ugonjwa mwingine wa mapafu.

Mwaka 2023 kombe likatimiza miaka 100. Tarehe 31 Desemba wenyeji HC Davos waliwafunga Pardubice wa Czech katika fainali, na safari hiyo kombe halikusafiri.