Kibati cha gari la kale kisibanduliwe ovyo

KATIKA maeneo yenye mvua haba kama Mwala, Kaunti ya Machakos, gari kuukuu laweza kukaa uani miaka mingi bila kuliwa sana na kutu. Peugeot 504 au Land Rover iliyoachwa na babu huweza kufufuliwa na kurudi barabarani. Hata hivyo, kosa moja karakanani laweza kuifanya ionekane mali ya wizi: kupoteza kibati cha utambulisho.

Kibati hicho hupigwa ribiti kiwandani na huonyesha nambari ya chesisi. Kwa kawaida nambari hiyo hugongwa pia kwenye chuma chenyewe. Katika Land Rover nyingi za zamani, huwa mbele ya fremu, karibu na springi ya kulia. Katika Datsun nyingi, huwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1980 hayana nambari ya herufi na tarakimu 17 inayotumika leo. Ufupi wa nambari pekee si dalili ya ughushi.

Hatari huanza rangi inapokwanguliwa. Mashine ya kusaga chuma hufuta maandishi, na rangi nzito huyafunika. Ndiyo maana fundi mwangalifu hukiacha kibati mahali pake na kukifunika kwa utepe. Ikilazimu kukiondoa, kwa mfano bati lililo nyuma yake limeoza, hupiga picha kwanza, hutoboa ribiti kwa keekee badala ya kukibandua kwa patasi, hukihifadhi, kisha hukirudisha pale pale, kwenye gari lile lile.

Kukihamishia kwenye gari jingine ni jambo tofauti kabisa. Hiyo ni mbinu ya wezi, ambao hununua gari bovu kwa ajili ya kibati na hati zake, kisha huvitumia kuficha gari la wizi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1984 iliharamisha kuondoa au kubadilisha nambari za utambulisho, ila ikamwachilia fundi ambaye ukarabati ulimlazimu kufanya hivyo.

Nchini Kenya, usajili wa magari husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hudai mabadiliko ya maelezo yaliyosajiliwa, kama vile injini au rangi, yaarifiwe msajili.

Kwa hivyo, kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa, nambari zilizo garini zilinganishwe na zilizo katika kitabu cha umiliki. Ikiwa kitabu kingali na jina la marehemu, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ndiyo huongoza nani alimiliki gari hilo, na ni heri suala hilo litatuliwe kabla ya fedha kutumiwa karakanani.