Rangi, Ardhi na Maendeleo katika Delta ya Rufiji

Watu wa mahali fulani wanapoupinga mradi ulioletwa na mgeni wa rangi nyingine, huulizwa upesi: je, wanaukataa mradi au wanamkataa mgeni? Swali hili limeulizwa katika nchi nyingi, na jibu lake aghalabu hutolewa na watu wasiowahi kukaa mahali penyewe. Wanaoutetea mradi husema kuwa wenyeji wametawaliwa na chuki ya rangi au na ushamba. Wanaoupinga nao, mara nyingine, huona ni rahisi zaidi kumtaja Mzungu au Mhindi kuliko kuieleza habari ya ardhi. Katika makala haya tutalitazama swali hilo katika delta ya mto Rufiji, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Tumeichagua kwa kuwa hapo, kwa muda unaozidi miaka mia moja, kila aliyekuja na mpango wa kuiendeleza nchi alikuta watu wenye mpango wao.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Mto Rufiji unapoikaribia bahari hugawanyika kuwa mikono mingi, nayo humwaga maji kwa milango kama Simba Uranga, Msala na Kikunya, mkabala na kisiwa cha Mafia. Kati ya mikono hiyo kuna visiwa, na juu ya visiwa kuna mikoko: mkandaa, msinzi, mchu, mlilana na mingineyo, jumla yake hekta zipatazo 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote iliyoungana katika pwani ya Afrika Mashariki. Wakazi wake ni Wanyagatwa, Wandengereko na wengine wengi ambao kwa jumla huitwa Warufiji. Hulima mpunga, huvua samaki na kamba, hukata boriti. Katika karne ya 19 mchele wa hapa ulipelekwa Unguja kwa wingi hata delta ikaitwa Calcutta ndogo, na boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, zikaezekewa nyumba huko. Basi Mwarabu na Mhindi hawakuwa watu wa ajabu kwa Mrufiji. Alifanya nao biashara, akakopa dukani kwao, akagombana nao juu ya bei, na kwa baadhi yao akasali nao msikiti mmoja. Tuseme pia, kwa kuwa historia haifai kupakwa chokaa, kwamba biashara hiyo ya pwani ilikuwa na watumwa ndani yake.

Wajerumani walileta jambo jipya, nalo halikuwa rangi ya ngozi zao peke yake. Walileta dola iliyoifanya rangi kuwa cheo. Mwaka 1898 misitu ya mikoko ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali, na mtu aliyekuwa akikata boriti mahali alipokata baba yake akawa anahitaji idhini. Mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, ukaanza mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za pwani. Kila jumbe aliamriwa atoe watu wake kulima kwa idadi maalumu ya siku, wakati ambapo mashamba yao wenyewe yaliwangoja. Na malipo yalikuwa duni kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Tukiutazama muundo wa mpango huo tutaona jinsi rangi ilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Mzungu aliamuru. Akida, aghalabu Mwarabu au Mswahili wa pwani, alisimamia na kuchapa. Mhindi mwenye duka ndiye aliyekuwa na fedha zilizotafutwa kwa ajili ya kodi. Mwafrika alikuwa na jembe.

Mwisho wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa Rufiji, watu waliingia katika shamba la pamba wakaing'oa miche. Kwa mwanafunzi wa historia kitendo hicho kinastahili kutazamwa kwa makini, kwani vita vya Maji Maji, ambavyo vingeenea kusini yote, vilitangazwa kwa kung'oa mmea. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa na kuwaunganisha makabila, alinyongwa na Wajerumani kule Mohoro, katika Rufiji hiyo hiyo, tarehe 4 Agosti 1905. Wazee waliosimulia habari hizi kwa wanahistoria katika miaka ya 1960 waliitaja sana pamba, na kiboko, na akida. Rangi waliitaja pia, lakini waliitaja kama mtu anavyoitaja sare ya askari.

Hata hivyo hatuwezi kusema kuwa rangi haikuwa na sumu yake. Katika siku za mwanzo za vita hivyo wapiganaji waliuchoma mji mdogo wa biashara wa Samanga, makazi ya wafanyabiashara Wahindi. Wahindi wale hawakuwa wameitunga amri ya pamba. Walikuwa karibu, walikuwa na mali, na walionekana kuwa upande wa mwenye amri. Hivyo ndivyo utawala wa kibaguzi unavyofanya kazi: humweka mtu wa rangi fulani dirishani pa serikali, na hasira inapokuja humpiga aliye dirishani.

Jambo hili lilieleweka vyema na waliopigania Uhuru. Oktoba 1961, uraia wa nchi mpya ulipojadiliwa, baadhi ya wajumbe walitaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Julius Nyerere aliwapinga kwa ukali, akaeleza kuwa serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kuukubali msingi huo. Uraia ukawa wa wote. Ikabaki kuona kama, rangi ikiondolewa kwenye ngazi ya juu, Mrufiji atayapokea maendeleo kwa namna nyingine.

Jibu lilianza kuonekana mapema. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali ya wananchi wenyewe iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji mwaka 1969 na kuwapeleka nchi ya juu, mbali na maji, wapate shule, zahanati na visima. Nia ilikuwa njema, na shule zilijengwa kweli. Lakini rutuba ilibaki bondeni. Kilimo cha mlau, yaani kile kinachofuata maji yanapopungua, hakiwezi kufanywa juu ya kilima. Watu walihama kama walivyoagizwa, kisha msimu ulipofika wakateremka tena mashambani, wakakaa katika madungu yao wakiwinga ndege na nguruwe. Hapakuwa na Mzungu hata mmoja wa kumkataa. Upinzani huu wa miguu, usio na hotuba, ulifanana sana na ule wa zamani katika sababu zake.

Sasa tuje kwenye kisa kilichoitangaza delta duniani. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni iitwayo African Fishing Company, iliyoongozwa na mfanyabiashara Reginald Nolan, mzaliwa wa Ireland, iliomba kujenga katika delta shamba la kufugia kamba ambalo lingekuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Mabwawa peke yake yangechukua hekta kama 10,000, na gharama ilitajwa kuwa dola za Marekani milioni 192. Ziliahidiwa kazi na fedha za kigeni. Wakazi wengi walikataa. Hoja yao ilikuwa ya kitaalamu kuliko walivyodhaniwa: kamba huzaliwa baharini, lakini hukulia katika matope ya mikoko, ukiikata mikoko ili ufuge kamba bwawani, unaua wale wa bure ili uwauze wa kulishwa. Baraza la Taifa la Mazingira nalo lilishauri mradi usikubaliwe. Mwishoni mwa 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali.

Hapo ndipo yafaa tuitafute rangi. Miaka hiyo ilikuwa miaka ya ubinafsishaji, na mjini Dar es Salaam palikuwa na mjadala mkali wa uzawa, kwamba mali ya nchi isiende kwa wageni na kwa Watanzania wenye asili ya Asia. Ingekuwa rahisi kuliweka shauri la delta ndani ya mjadala huo, kwa kuwa mwenye kampuni alikuwa Mzungu. Lakini hesabu haikubali. Waliouidhinisha mradi walikuwa Waafrika. Waliowatetea wanavijiji walikuwa waandishi wa habari na wanasheria wa Kitanzania, na waliowaunga mkono kutoka ng'ambo walikuwa wanamazingira wengi wao Wazungu. Vijiji vyenyewe havikuwa na sauti moja. Wapo waliozitaka kazi zile. Shauri lililofunguliwa Mahakama Kuu mwaka 1998 kwa niaba ya wanavijiji, kwa msaada wa chama cha wanasheria wa mazingira LEAT, halikuwa shauri la rangi. Lilihusu haki ya kimila juu ya ardhi na haki ya kuulizwa. Mradi haukujengwa.

Lakini neno "mgeni" halikuondoka na kampuni ile. Mwishoni mwa 2011 maofisa wa misitu waliwaondoa wakulima wa mpunga katika sehemu za msitu wa delta, na vibanda vikateketezwa, wakati ambapo ulimwengu ulikuwa umeanza kuithamini mikoko kwa hewa ya ukaa inayoihifadhi. Watafiti wawili, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett, walionyesha mwaka 2012 kuwa kulikuwa na simulizi lililowataja Warufiji wa delta kama wahamiaji wa juzi, waharibifu wa msitu usio wao. Simulizi hilo halikumtaja Mzungu wala Mhindi. Mgeni wa mara hii alikuwa Mrufiji mwenye shamba la mpunga, mahali ambapo mchele ulipakiwa majahazini kwenda Unguja kabla msitu haujaandikwa katika daftari la Wajerumani.