Geuza Picha, Soma Mgongo

Jamani, leo tuachane na programu kidogo tuongee picha.

Mwaka 1854 mpiga picha Mfaransa, André Disdéri, alisajili hataza ya njia ya kupiga picha kadhaa kwenye kioo kimoja. Gharama ikagawanyika. Karatasi iliyopakwa ute wa yai ikakatwa vipande, kila kipande kikabandikwa kwenye kadi ya takriban sentimita 6 kwa 10. Mwaka 1860 J. E. Mayall alipotoa albamu ya picha za Malkia Victoria na jamaa yake, homa ya kukusanya kadi hizo ikapanda Uingereza.

Wakusanyaji wa leo huigeuza kadi. Mgongoni mara nyingi kuna jina la studio na anwani, pengine hata namba ya negativu. Kadi ya Marekani ikiwa na stempu ya kodi, basi iliuzwa kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866, maana kodi hiyo ilidumu muda huo tu. Kwetu sisi watu wa programu, hiyo ni metadata safi.

Lakini kadi nyingi hazina jina la aliyepigwa picha. Studio iliandika jina lake kwa kutafuta wateja. Familia haikuandika kwa sababu kila mtu nyumbani alimjua. Waliomjua walipokwisha, akabaki mama wa gauni zuri asiye na jina, ndani ya sanduku la muuzaji.

Sasa fungua folda ya picha kwenye tarakilishi yako. Kamera imeandika tarehe na aina yake yenyewe. Shosho ameandikwa wapi? Mwandike leo, angali yuko wa kukusahihisha.