Saa janja: miaka 50 ya kutafuta kazi

Mwezi Aprili 1972 kampuni ya Hamilton ya Lancaster, Pennsylvania, nchini Marekani, iliingiza sokoni saa ya mkono iliyoitwa Pulsar. Ilikuwa ya dhahabu, haikuwa na mishale, na ndani yake hapakuwa na gurudumu hata moja linalozunguka. Bei yake ilikuwa dola 2,100, fedha ambazo wakati ule zingetosha kununua gari dogo jipya. Wakati ulisomeka kwa tarakimu nyekundu zilizowaka kwa umeme. Taa hizo zilikula betri mno, hivyo kioo kilibaki cheusi mpaka mvaaji abonyeze kitufe. Mtu aliyetaka kujua ni saa ngapi alihitaji mikono miwili: mmoja umevaa saa, wa pili wa kuiamsha.

Hilo la mikono miwili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu saa ilihama kutoka mfukoni kuja mkononi kwa ajili hiyo hiyo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wengi wa Ulaya waliihesabu saa ya mkono kuwa pambo la wanawake, na wao wakabeba ya mfukoni yenye mnyororo. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwabadilisha. Ofisa aliye handakini, mkono mmoja umeshika silaha na mwingine darubini, akingoja dakika ya kushambulia iliyopangwa pamoja na mizinga, hawezi kufungua koti akapapasa mfukoni. Vita vilipokwisha, askari walirudi makwao na saa mikononi, na ile ya mnyororo ikaanza kupotea. Saa ya mkono ilishinda kwa kuwa na kazi moja inayoeleweka: kumjulisha wakati mtu ambaye mikono yake ina shughuli.

Historia yote ya saa janja naisoma kwa kipimo hicho. Waliotafuta kazi ambayo mkono pekee unaiweza, walidumu. Waliochukua kazi za kompyuta au simu na kuzibana kwenye kioo cha upana wa vidole viwili, waliishia kuuza maajabu ya msimu mmoja.

Miaka ya 1980 ilijaa maajabu ya aina hiyo. Mwaka 1982 Seiko ya Japani ilitoa saa yenye televisheni. Picha ilionekana mkononi, lakini mtambo wa kunasa mawimbi ulikaa mfukoni na kuunganishwa kwa waya. Mwaka 1984 kampuni hiyo ilitoa saa iliyoweza kupokea data kutoka kwenye kompyuta za nyumbani. Casio nao walileta saa za kikokotoo, na kisha zile za kuhifadhi namba za simu, zenye vitufe vidogo kama punje za mtama. Hizo za Casio zilifika hata kwetu Afrika Mashariki, zikapendwa na wanafunzi na makarani. Ila ukitazama ni ipi iliyodumu, ni ndogo kuliko zote: F-91W ya mwaka 1989, yenye saa, tarehe, kengele na kipimamuda basi, ambayo betri yake hukaa takriban miaka saba. Inauzwa hadi leo, na kila saa janja inapaswa kupimwa kwanza mbele yake.

Mwaka 1994 kampuni ya Timex, ikishirikiana na Microsoft, ilitoa Datalink. Hii naiheshimu kwa ubunifu wake. Mtu aliandika miadi na namba za simu kwenye kompyuta, kisha akaielekeza saa kwenye skrini. Mistari ya mwanga ikamulika juu ya kioo, jicho dogo la saa likaisoma, na taarifa zikaingia bila waya wowote. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliipitisha itumike angani. Lakini mbinu hiyo ilitegemea skrini nene za zamani zinazomweka. Skrini bapa za kompyuta za mapajani hazikumweka kwa namna ile, na mwenye kompyuta mpya akahitaji kifaa cha ziada ili saa ipate taarifa. Ujanja wa Datalink ulikuwa umeazimwa kutoka kwenye mashine nyingine, na mashine ile ilipobadilika, saa ikabaki yatima.

Microsoft haikukata tamaa. Mwishoni mwa 2002 Bill Gates alitangaza mpango ulioitwa SPOT, na saa zake zikaanza kuuzwa Marekani na Kanada mwaka 2004. Zilipokea habari, hali ya hewa na bei za hisa kupitia mawimbi ya redio ya FM, kwa ada ya dola 59 kwa mwaka. Ziliweza kupokea tu. Mvaaji hakuwa na njia ya kujibu. Zilihitaji kuchajiwa kila baada ya siku chache, na nje ya miji iliyofikiwa na mawimbi hayo hazikupata kitu. Wakati huohuo simu zilikuwa zikijifunza kufanya yote hayo, tena kwa kioo kikubwa zaidi. Uuzaji ulisimama mwaka 2008, na matangazo yakazimwa Januari 1, 2012.

Kipindi hicho ndicho ambacho watu wengi duniani, Afrika Mashariki ikiwemo, waliacha kuvaa saa kabisa. Simu ilikuwa tayari mkononi, na wakati umeandikwa juu ya kioo chake.

Lakini pembeni kulikuwa na ukoo mwingine wa saa ambao haukupigiwa tarumbeta. Nchini Finland, Seppo Säynäjäkangas, msomi wa elektroniki katika Chuo Kikuu cha Oulu, aliona kuwa makocha wa mbio za kuteleza kwenye theluji hawana njia ya kujua moyo wa mwanariadha unapigaje akiwa mazoezini. Mwaka 1977 alianzisha kampuni ya Polar, na mwaka 1982 ikatoa kifaa cha sehemu mbili: mkanda wa kifuani uliosikiliza moyo, na saa iliyoonyesha idadi ya mapigo bila waya. Mwaka 2003 Garmin ya Marekani ikatoa Forerunner, saa ya mkimbiaji iliyopima umbali na mwendo kwa kutumia setilaiti.

Hapa ndipo saa ilipopata kazi halisi. Mtu anayekimbia hawezi kutoa simu mfukoni kila kilomita, na simu haimgusi ngozi. Mkimbiaji anayefanya mazoezi kwenye barabara ya vumbi isiyo na alama za umbali, iwe Iten au Arusha, akiwa na saa ya setilaiti anajua amekwenda kilomita ngapi na kwa kasi gani. Hakuna mwanariadha niliyewahi kumsikia akiuliza kama saa hiyo ina faida.

Saa za watu wa kawaida zilifika hapo kwa kuzunguka sana. Aprili 2012 kijana wa Kanada, Eric Migicovsky, aliomba umma umchangie dola 100,000 kupitia mtandao wa Kickstarter ili atengeneze saa iitwayo Pebble. Lengo lilifikiwa ndani ya saa chache, na mwisho wa mchango karibu watu 69,000 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 10. Pebble ilikuwa na kioo kisicho na mbwembwe, kinachosomeka juani, na betri ya takriban wiki nzima. Ilitetema mkononi ujumbe unapoingia. Naamini ndiyo saa janja iliyoelewa vizuri kuliko zote mtu wa kawaida anahitaji nini. Hata hivyo haikuweza kushindana na majitu: Desemba 2016 mali zake zilinunuliwa na Fitbit, nayo Fitbit ikaja kumezwa na Google mwaka 2021.

Apple walitangaza saa yao Septemba 2014 na kuanza kuiuza Aprili 2015. Ya bei ya chini ilikuwa dola 349, na ile ya dhahabu ilianzia dola 10,000. Betri yake ilikadiriwa kudumu saa 18. Mwanzoni iliuzwa kama pambo la kifahari na kama simu ndogo, na toleo la dhahabu likaondolewa sokoni mwaka 2016. Taratibu kampuni ikageukia njia ya Polar na Garmin: mazoezi na mwili. Mwaka 2018 ikaongeza kipimo cha umeme wa moyo na uwezo wa kutambua kuwa mvaaji ameanguka. Samsung, Huawei, Xiaomi na wengine wako kwenye njia hiyo hiyo. Baada ya miaka zaidi ya 40 ya kuhangaika, saa ilikiri kwamba kitu ilichonacho ambacho simu haina ni kugusa ngozi usiku na mchana.

Je, kugusa huko kunamfaa mnunuzi wa kawaida? Tuanze na hatua, maana ndizo zinazotangazwa zaidi. Lengo la hatua 10,000 kwa siku halikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua, na namba hiyo ikawa ndiyo jina la bidhaa. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake wa Marekani, uliochapishwa 2019 na kuhusisha wanawake wazee zaidi ya 16,000, ulionyesha kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaacha kuongezeka zilipofika kama 7,500. Mama anayetoka nyumbani kwa miguu kwenda sokoni na kurudi na mzigo hahitaji saa ya kumwambia ametembea.

Kupunguza uzito nako kumechunguzwa. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kiliwafuatilia watu 471 kwa miaka miwili, na matokeo yakatolewa 2016. Waliovaa kifaa cha kupima mazoezi walipungua wastani wa kilo 3.5; wasiovaa, kilo 5.9. Kuhusu kalori, watafiti wa Stanford walijaribu vifaa saba mwaka 2017: mapigo ya moyo vingi vilipima vizuri, lakini kwenye nishati iliyotumika hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27.

Moyo ni habari nyingine, na hapa sitaki kuidharau teknolojia hii. Taa ya kijani iliyo chini ya saa humulika ngozi. Damu hunyonya mwanga huo, na kila pigo la moyo hubadilisha kiasi kinachorudi. Katika utafiti wa Apple na Stanford uliochapishwa 2019, watu 419,297 walifuatiliwa ili kutafuta mapigo yasiyo na mpangilio, hali inayoweza kugandisha damu moyoni na kuleta kiharusi. Waliopewa tahadhari walikuwa asilimia 0.52 tu. Kwa walio chini ya miaka 40 ilikuwa asilimia 0.16, kwa wenye miaka 65 na zaidi, asilimia 3.1. Takwimu hizo zinasema wazi nani anafaidika: mzee, wala si kijana ambaye matangazo yanamlenga.

Hata kwa mzee kuna la kuzingatia kwetu. Huduma ya kupima umeme wa moyo hufunguliwa nchi kwa nchi, kwa kibali cha mamlaka za afya, hivyo muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutoka. Saa inayotambua kuanguka hupiga namba ya dharura, lakini inafaa zaidi pale inapomjulisha pia mtoto au jirani anayeweza kufika haraka.

Jambo linalonikera kwa dhati ni saa za bei nafuu zinazouzwa madukani na mitandaoni kwa ahadi ya kupima sukari bila kutoboa kidole. Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dozi ya insulini kwa namba ya saa kama hiyo anahatarisha maisha yake. Presha nayo ni hivyo hivyo: saa chache zenye mkanda unaojaa hewa hupima kweli, na za Samsung hutaka zilinganishwe upya na mashine ya kawaida kila baada ya wiki nne. Nyingine nyingi hukisia. Kuna pia suala la rangi ya ngozi. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa vipimo vya oksijeni vya hospitali, vinavyotumia mwanga, vilikosa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ikiwa mashine za hospitali ziko hivyo, namba ya oksijeni kwenye saa ya mkono isiaminiwe peke yake.

Uamuzi wangu, basi. Mkimbiaji na mwendesha baiskeli wanunue ya setilaiti. Mzee mwenye tatizo la moyo, au anayeishi peke yake, anunuliwe na wanawe iliyothibitishwa, na daktari wake ajulishwe. Anayetaka tu kuona ujumbe bila kutoa simu anatosheka na mkanda wa bei ndogo wenye betri ya wiki nzima, hasa mahali umeme unapokatika mara kwa mara. Wengine wote, saa ya kawaida inawatosha. Na wewe mwenye presha uliyeweka akiba ya saa janja, nunua kwanza mashine ya mkanda wa mkono wa juu, pima ukiwa umekaa na umetulia, andika namba zako daftarini, na umpelekee daktari.